Jaribio la Pili Likikataa, Mhakiki Afanyeje?

Tuseme utafiti uliochapishwa unadai kuwa dawa fulani ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia maua na majani machanga, imeokoa maua ya mikorosho Newala. Mtafiti mwingine analirudia jaribio hilo Nachingwea kwa utaratibu uleule, asione tofauti kati ya miti iliyopuliziwa na isiyopuliziwa. Anaandika makala, jarida linaikabidhi kwa mhakiki, yaani mtaalamu wa fani hiyo anayeipima kabla haijachapishwa.

Wapo wanaoirudisha papo hapo kwa hoja kwamba haina jipya. Yaliwakuta wanasaikolojia Stuart Ritchie, Richard Wiseman na Christopher French. Mwaka 2011 mwanasaikolojia wa Marekani, Daryl Bem, alichapisha majaribio 9 akidai watu huweza kuhisi mambo yajayo. Hao watatu walirudia jaribio mojawapo, wakatoka mikono mitupu. Jarida lililomchapisha Bem likawajibu kuwa halipokei tafiti za marudio. Walipojaribu jarida jingine, mmoja wa wahakiki alikuwa Bem mwenyewe, naye hakuiunga mkono. Makala ilitoka 2012, katika jarida jingine tena. Mwenye utafiti wa awali aulizwe, maana analijua jaribio lake kuliko yeyote. Kuamua aachiwe mwingine.

Ila marudio nayo yahojiwe. Mimi ningeanza na miti isiyopuliziwa: je, iliugua? Ubwiri unga hustawi asubuhi za ubaridi na umande. Msimu ambao ugonjwa haukuja, hata dawa nzuri kiasi gani haitaonyesha kitu, kwa kuwa hapakuwa na cha kutibu. Kisha idadi ya miti. Michache mno haitoshi kufichua tofauti ndogo, na kutoiona tofauti si kuthibitisha kuwa haipo. Kosa hili wahakiki wazoefu nao hulifanya.

Wala marudio kukataa si tuhuma ya udanganyifu. Mwaka 2015 watafiti walichapisha marudio ya tafiti 100 za saikolojia: kati ya za awali asilimia 97 zilikuwa na matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani yasiyoelekea kuwa ya bahati tu; za marudio asilimia 36 tu. Bahati na sampuli ndogo huweza kueleza baadhi ya hayo.

Baadhi ya majarida sasa huhakiki mpango wa utafiti kabla data haijakusanywa, na mpango ukipita, makala huchapishwa hata matokeo yakikataa. Kwa mtafiti wa korosho hapa Mtwara, maana yake mpango uwe umeshapita kabla mikorosho haijaanza kuchanua katikati ya mwaka.