Teknolojia inayoibukia: maana yake, na kwa nini tunaitumaini huku tunaihofia

Oktoba 2016, kaskazini mwa jiji la Dodoma, katika kituo cha utafiti cha Makutupora ambacho wengi wetu tunakijua kwa zabibu, yalipandwa mahindi ndani ya uzio. Mbegu yake ilikuwa imetiwa chembe ya urithi kutoka kwa bakteria ili mmea uvumilie ukame. Miaka 2 baadaye, Novemba 2018, serikali iliagiza majaribio yasimame na mabaki yake yateketezwe.

Mkulima wa huku anajua Februari ilivyo. Mvua za Desemba zimempa moyo, mahindi yamefika kiunoni, kisha mbingu inafunga. Wiki ya kwanza anavumilia, ya pili majani yanajikunja kama sigara, ya tatu anaacha kwenda shambani kwa sababu hakuna cha kutazama. Aliyewahi kupita hapo akisikia habari ya mbegu inayostahimili ukame, moyo wake lazima ushtuke kwa furaha. Lakini mtu huyohuyo anauliza: mbegu hii ina mwenyewe? Nikiweka debe moja kwa ajili ya msimu ujao, nitaambiwa nimeiba? Chavua yake ikipeperukia kwa jirani, tutagombana na nani? Wengi wetu, nikiwamo mimi, tulibeba matumaini na hofu kwa pamoja, na mpaka leo hatujaweka chini hata kimoja.

Mahindi yale ni mfano mmoja wa kile kinachoitwa teknolojia inayoibukia. Neno lenyewe linajieleza ukilisikiliza vizuri. Kitu kinachoibuka hakijamaliza kutoka majini. Unaona kichwa, hujaona mkia. Kwa hiyo teknolojia inayoibukia ni maarifa au chombo ambacho tayari kinafanya kazi, kinakua kwa kasi, kinaonekana kina uwezo wa kubadili maisha ya watu wengi, lakini matokeo yake ya mwisho hayajajulikana hata kwa waliokitengeneza. Leo kundi hilo lina akili mnemba (wengine husema akili unde, wengine akili bandia), yaani programu za kompyuta zinazojifunza na kuiga kazi za akili ya mtu, uhariri wa jeni, yaani kurekebisha chembe za urithi za kiumbe, magari yasiyo na dereva, na mengine ambayo bado yamo maabara.

Upya peke yake hautoshi. Treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024 ilikuwa mpya kwetu, na watu walipanga foleni kuipiga picha. Hata hivyo duniani treni za umeme zina zaidi ya miaka 100. Hatari zake zinafahamika, na jinsi ya kuzizuia imeandikwa. Huduma ya kutuma pesa kwa simu ni jambo tofauti. Ilipoanza nchini mwaka 2008 hakuna aliyeweza kutabiri kwamba kibanda cha wakala kingekuwa kwenye kila kona ya Majengo na kila senta ya kijijini, wala kwamba ingezaa tapeli anayetuma ujumbe wa «ile hela tuma kwenye namba hii» kwa watu asiowajua, akibahatisha mmoja anayedaiwa. Faida na balaa viliibuka pamoja kutoka kwenye kitu kimoja.

Mwaka 1980 msomi wa Uingereza aitwaye David Collingridge aliueleza mtego uliomo humu. Teknolojia ikiwa changa ni rahisi kuibadili, lakini hujui itadhuru wapi. Ikishakomaa unajua inadhuru wapi, lakini imeshaota mizizi kwenye biashara, sheria na mazoea ya watu, na kuibadili ni gharama kubwa. Wahenga wetu walikuwa na nusu ya wazo hilo waliposema hata mbuyu ulianza kama mchicha. Nusu nyingine ni hii: ukiwa mchicha unaweza kuung'oa kwa vidole viwili, ila hujui kama ni mbuyu. Ukishaujua kuwa ni mbuyu, vidole havitoshi tena.

Kongwa, wilaya ya mkoa huu wa Dodoma, wanajua kuhusu mibuyu na kung'oa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia, na mwaka 1946 likazuka wazo la kulima karanga Tanganyika kwa mashine, katika zaidi ya ekari milioni 3. Kongwa ndiyo iliyochaguliwa kuanzia. Yaliletwa matrekta yaliyobaki vitani, hata vifaru vikageuzwa kuwa matrekta. Katika miaka ile hiyo ndiyo ilikuwa teknolojia ya kesho, tumaini la dola nzima. Mibuyu ikakataa kung'oka kirahisi. Udongo wa mfinyanzi ukikauka uligeuka kama saruji na kuvunja majembe. Mvua zikaja zinavyotaka zenyewe. Januari 1951 mradi ukaachwa, na hasara ikawa takriban pauni milioni 36. Baadaye sehemu ya ardhi ile ikawa ranchi ya ng'ombe, kazi ambayo Mgogo, mwenyeji wa huku, angeishauri bila kudai posho.

Nimeikumbusha Kongwa kwa sababu tumezoea kusikia kwamba tatizo ni hofu ya wananchi, na kwamba dawa yake ni kuwapa elimu. Kule Kongwa, wenye elimu ndio waliopotoka, na kilichowapoteza ni matumaini. Tumaini nalo lina uvumi wake, tena uvumi wa tumaini huvaa tai na kubeba michoro. Kwa hiyo yeyote anayepima fikra za watu juu ya teknolojia akaweka matumaini upande wa wajuao na hofu upande wa wasiojua, ameshakosea kabla hajaanza kuhesabu.

Lakini sitaki kuitetea hofu kana kwamba haina makosa, kwa sababu mkoa huu umeona mahali inapoweza kufika. Oktoba ileile ya 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi wilayani Chamwino, watafiti wawili wa udongo kutoka Arusha waliuawa pamoja na dereva wao. Walikuwa wamekuja kuchukua sampuli za udongo. Kundi la watu liliwadhania kuwa ni wanyonya damu. Naandika haya kwa uchungu. Walikuwa watu waliokuja kwa ajili ya mashamba ya watu walewale waliowaua, na hakuna maelezo yanayoweza kuligeuza jambo hilo kuwa lenye haki.

Uvumi wa aina hiyo haukuzaliwa siku ile. Neno mumiani limekuwamo katika Kiswahili tangu enzi za ukoloni: mtu mgeni, mara nyingi mwenye gari na vifaa, anayeaminika kuja kuchukua damu ya watu na kwenda kuifanyia jambo lisilojulikana. Ukiondoa damu ukabakiza umbo la hadithi, unabaki na mgeni mwenye chombo usichokielewa, anayechukua kitu kutoka kwako, anayekipeleka usikojua, na ambaye hakuna wa kumuuliza. Hadithi ni ya uongo, lakini wanaoisimulia waliwahi kuchukuliwa vitu kwa namna hiyo, kuanzia kodi ya kichwa hadi nguvu kazi. Hofu inapokosa mahali pa kuulizia hupata mahali pa kulipukia.

Hapo ndipo naona kiini cha dhana hii nzima. Tofauti kati ya anayetumaini na anayehofu mara nyingi inatokana na jibu la swali moja: mambo yakiharibika, nani atajibu? Mwenye uhakika wa kupata wa kumwajibisha anaweza kumudu kujaribu. Asiye na uhakika huo anakataa, na kwa hali yake kukataa ni busara.

Rudi Makutupora uone. Kanuni zetu za mwaka 2009 kuhusu viumbe waliobadilishwa kijenetiki zilimtaka anayeleta kiumbe huyo alipe madhara yakitokea, hata kama mlalamikaji hawezi kuthibitisha uzembe. Watafiti walisema kwa sharti hilo hakuna atakayethubutu kupanda hata shina moja. Mwaka 2015 kanuni zikalegezwa kwa upande wa utafiti, na hapo ndipo njia ya jaribio la 2016 ikafunguka. Angalia vizuri kilichobadilika. Sayansi ya mahindi ilibaki ileile. Kilichobadilika ni mtu wa kubeba mzigo. Naamini, na ni maoni yangu, kwamba kama mjadala ule ungeendeshwa hadharani kwenye mikutano ya vijiji vya Hombolo na Bahi, kwa lugha ya nani atalipa nini na lini, tungekuwa na uamuzi ulio imara zaidi, uwe wa kukubali au wa kukataa.

Sasa akili mnemba. Hapa hofu imefika mbali kuliko kwenye mahindi. Mei 2023 mamia ya wanasayansi na wakuu wa kampuni zinazoitengeneza walitia saini tamko fupi linalotaka hatari ya binadamu kutoweka kwa sababu ya akili mnemba ipewe uzito sawa na magonjwa ya mlipuko na vita vya nyuklia. Mmoja wao ni Geoffrey Hinton, mwanasayansi aliyechangia kuweka misingi ya akili mnemba ya leo, ambaye mwezi huohuo habari zilitoka kwamba ameacha kazi Google ili aweze kuzungumzia hatari hizo kwa uhuru, na mwaka 2024 alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na John Hopfield. Wapo wataalamu wa kiwango chake, kama Yann LeCun, wanaoona hofu hiyo imepitiliza. Wajuzi wenyewe wakibishana hivyo, mwananchi wa Kizota, kata ya hapa Dodoma mjini, asiambiwe kwamba wasiwasi wake ni ushamba.

Ila wasiwasi wa Kizota una sura nyingine. Sijasikia mtu kwenye daladala akihofia mashine kumaliza kizazi cha Adamu. Nasikia mzazi akiuliza kama mwanawe aliyesomea uhasibu atapata kazi. Nasikia watu wakiogopa sauti: kwamba yule tapeli wa «tuma kwenye namba hii» sasa anaweza kuiga sauti ya mdogo wako akilia kuwa amepata ajali Gairo. Hizi ni hofu za jirani, zina uso na namba ya simu, na kwangu zina uzito sawa na zile za wanasayansi. Matumaini nayo yako karibu: mwanafunzi wa kata isiyo na mwalimu wa fizikia akipata wa kumweleza somo usiku, au mkulima wa alizeti akipiga picha ya jani lenye madoa na kujibiwa ni ugonjwa gani.

Iko pia hofu ambayo takwimu za maoni huipita bila kuiona, nayo ni hofu ya kuachwa stendi. Novemba 2023 Uingereza ilikuwa nchi ya kwanza kuidhinisha tiba ya selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, inayotumia uhariri wa jeni. Nchini Marekani bei yake ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huo. Hapa Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa imeanza kuwapandikiza uloto (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu) watoto wenye selimundu, na kila mtoto anayepona ni furaha ya ukoo mzima. Lakini mama mwenye mtoto anayelia kwa maumivu ya viungo usiku haogopi uhariri wa jeni. Anaogopa kwamba hautamfikia. Lugha nayo iko katika foleni hiyohiyo: mashine zilizojifunza zaidi kwa Kiingereza hujibu Kiswahili kwa kubahatisha mara nyingine, na Kigogo nacho sijui nani atakifundisha.

Tuimalizie dhana hii kwa jambo ambalo tayari limetufikia. Mama anayeuza mahindi Kibaigwa, wilayani Kongwa, anaomba mkopo kwenye simu. Anakopesheka au hakopesheki, anayeamua ni programu inayopima miamala yake, na jibu linakuja kwa sekunde: «Samahani, hustahili kwa sasa.» Anakwenda kwa wakala. Wakala anatazama skrini na kumwambia, «Mama, ni mfumo.» Mama anarudi kwenye magunia yake.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kutaka uamuzi unaomgusa kwa uzito usifanywe na mashine peke yake, na imeunda Tume ya kupokea malalamiko. Wakala hakifahamu kifungu hicho, na mama hajawahi kuambiwa kipo. Mkikutana na jibu hilo la «ni mfumo», wasomaji wa Kibaigwa na kwingineko, ulizeni mfumo huo unasimamiwa na nani, na barua yenu ipelekwe wapi.