Dawa za kutuliza wasiwasi: nafuu ya haraka na mwili unaoizoea

Wasiwasi ni sehemu ya maisha, lakini kuna wakati huvuka mpaka: mtu hukesha usiku kadhaa mfululizo, moyo humwenda mbio bila sababu anayoweza kuitaja, kifua humbana, na shughuli zake za kila siku huanza kuharibika. Anapofika kwa daktari, huenda akaandikiwa dawa. Majibu yafuatayo yanahusu hasa kundi moja la dawa hizo, liitwalo benzodiazepini, kwa sababu nafuu yake huja upesi na hatari yake ya utegemezi ni kubwa, na mambo hayo mawili hayatenganiki.

Benzodiazepini ni dawa gani, na zinafanyaje kazi?

Majina yanayojulikana zaidi ni diazepamu, lorazepamu, alprazolamu na klonazepamu. Ya kwanza katika kundi hili ilitokana na kazi ya mkemia Leo Sternbach wa kampuni ya Roche, ikaingia sokoni mwaka 1960 kwa jina la Librium. Diazepamu ikafuata mwaka 1963 kwa jina la Valium. Kabla yake watu walitulizwa kwa dawa za kundi la babichureti, ambazo ziliua kwa urahisi pale dozi ilipozidi. Zikilinganishwa na hizo, dawa mpya zilionekana kuwa salama mno, na madaktari wakaziandika kwa ukarimu ambao leo tunaweza kusema ulipita kiasi.

Ndani ya ubongo kuna kemikali ya asili iitwayo GABA, ambayo kazi yake ni kupunguza msisimko wa seli za neva. Benzodiazepini hazitengenezi GABA mpya. Hujishikiza kwenye vipokezi vyake, yaani sehemu za seli zinazoipokea, na kuifanya ile iliyopo itende kazi kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana mtu hulegea misuli, husinzia na huhisi hofu ikimtoka, yote kwa wakati mmoja.

Faida yake hasa ni ipi?

Ni kasi. Mtu aliyepatwa na shambulio la hofu, akitetemeka na kuamini kwamba anakufa, anaweza kutulia ndani ya saa moja au pungufu baada ya kumeza kidonge, jambo ambalo dawa nyingine nyingi za wasiwasi haziwezi kulifanya. Kwa sababu hiyo daktari anaweza kuzitumia kumvusha mgonjwa katika siku chache za dhiki kali, au kumshikilia katika wiki za mwanzo za matibabu mengine ambayo huchelewa kufanya kazi. Hospitalini zina kazi nyingine ambazo hakuna anayezibishia: kukatiza degedege linaloendelea bila kukoma, kumtuliza mgonjwa kabla ya upasuaji, na kumkinga mlevi wa muda mrefu dhidi ya madhara ya kuacha pombe ghafla. Nayataja haya kwa sababu baadhi ya watu, wakishasikia habari za utegemezi, hukataa hata dozi moja ambayo ingewaokoa.

Nikifuata maagizo ya daktari kikamilifu, bado naweza kupata utegemezi?

Ndiyo, na hili ndilo jambo ambalo wagonjwa wengi hawaelezwi. Ubongo ukitulizwa kwa dawa kila siku hujirekebisha: vipokezi vya GABA hupunguza mwitikio wake, na mifumo ya msisimko hujiongezea nguvu ili kurudisha uwiano. Matokeo yake ni mawili. Kwanza, dozi ileile huanza kuonekana dhaifu, hasa katika kuleta usingizi. Pili, dawa ikikosekana, mwili hubaki na msisimko usio na kizuizi.

Mfikirie mtu anayemeza alprazolamu saa mbili usiku. Kwa wastani mwili huondoa nusu ya dawa hiyo kwa takribani saa 11, kwa hiyo kunapopambazuka kiwango chake kwenye damu kimekwisha shuka sana. Baada ya wiki kadhaa anaanza kuamka alfajiri akiwa na jasho, mikono ikitetemeka kidogo, na hofu kali kuliko ile iliyompeleka kwa daktari. Anameza kidonge, hofu inaondoka, naye anaamini kwamba ugonjwa wake umezidi na kwamba dawa ndiyo inayomponya, ilhali anachokiponya asubuhi hiyo ni upungufu wa dawa ya jana. Diazepamu hutoka mwilini polepole zaidi, na mabaki yake yanaweza kudumu siku kadhaa, kwa hiyo mshuko wake hauna ukali wa namna hiyo, ingawa utegemezi wenyewe hauepukiki kwa hilo.

Utegemezi na uraibu ni kitu kimoja?

Hapana. Utegemezi ni hali ya mwili: umeizoea dawa na utalalamika ikiondolewa. Uraibu ni pale mtu anapoitafuta dawa kwa udi na uvumba, anapozidisha dozi kwa siri au kuzunguka kwa madaktari mbalimbali, na anapoendelea kuitumia ingawa inamharibia kazi na ndoa. Bibi anayemeza kidonge kimoja kila usiku kwa miaka 10, kama alivyoandikiwa, anaweza kuwa na utegemezi mkubwa bila kuwa mraibu hata kidogo, na kumwita mraibu ni kumwonea. Aghalabu aibu ya neno hilo ndiyo humzuia kuomba msaada.

Muda upi unakubalika?

Mwaka 1988 kamati ya usalama wa dawa ya Uingereza ilishauri kwamba benzodiazepini zitumike kwa wasiwasi mkali tu, na kwa wiki 2 hadi 4 pekee. Mwaka 2020 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliagiza dawa hizi zote zibebe onyo zito kuhusu matumizi mabaya, uraibu, utegemezi na madhara ya kuacha, ikieleza kwamba utegemezi wa mwili unaweza kuanza baada ya siku chache hadi wiki kadhaa za matumizi ya mfululizo. Wapo wagonjwa wachache ambao daktari bingwa huamua waendelee kwa muda mrefu zaidi, na uamuzi huo unaweza kuwa sahihi. Lakini iwe ni uamuzi, si mazoea ya kujaza upya cheti kilekile kila mwezi bila mtu kuuliza. Kwa maoni yangu, swali la maana kuliko yote siku ya kwanza ni hili: dawa hii itakoma lini, na itakoma kwa njia gani?

Nimezitumia kwa miezi kadhaa. Niache leo?

Usiache ghafla. Kuacha kwa mkupuo baada ya matumizi ya muda mrefu kunaweza kuleta kukosa usingizi, kutetemeka, jasho, mapigo ya moyo ya kasi, kuudhiwa na mwanga au sauti, kuona au kusikia visivyokuwapo, na degedege ambalo linaweza kuua. Hali ya kuacha dawa, ambayo mitaani huitwa arosto, kwa dawa nyingi ni mateso tu. Kwa benzodiazepini, kama ilivyo kwa pombe, inaweza kuwa hatari ya kifo.

Njia salama ni kupunguza kidogo kidogo chini ya uangalizi. Hakuna ratiba moja inayomfaa kila mtu, lakini kwa kawaida huanzwa kwa kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya dozi kila baada ya wiki 2 hadi 4. Tuchukue mfano wa diazepamu miligramu 10 kwa siku. Vidonge vyake hupatikana vya miligramu 2, 5 na 10, kwa hiyo hatua ya kwanza, miligramu 9, ni kidonge kimoja cha 5 na viwili vya 2. Inayofuata, miligramu 8, ni vinne vya 2. Hadi hapo hesabu ni nyepesi. Angalia sasa kinachotokea mwishoni: kushuka kutoka 10 hadi 9 ni kupunguza asilimia 10, lakini kushuka kutoka 2 hadi 1 ni kupunguza nusu nzima, ingawa miligramu iliyoondolewa ni ileile moja. Ndiyo sababu watu wengi huteleza vizuri mwanzoni kisha wakakwama kwenye dozi ndogo, wakidhani udhaifu ni wao. Hatua za mwisho zinapaswa kuwa ndogo na za polepole zaidi, hata kama itachukua miezi, na kusimama kwenye dozi moja kwa muda si kushindwa. Wanaotumia dawa zinazotoka mwilini upesi, mathalani alprazolamu au lorazepamu, wakati mwingine huhamishiwa kwanza kwenye diazepamu, lakini ubadilishaji huo una hesabu zake na haufanywi nyumbani kwa kukisia.

Nitajuaje kama ni wasiwasi wangu wa zamani uliorudi?

Tazama wakati na sura ya dalili. Dalili za kuacha huanza siku chache baada ya dozi kupunguzwa, huja na mambo ambayo hukuwa nayo awali, kama misuli kucheza au ganzi, kisha hupungua kadiri mwili unavyozoea. Wasiwasi wa zamani hurudi taratibu, na mawazo yake ni yaleyale unayoyafahamu. Daftari dogo la tarehe, dozi na usingizi humsaidia daktari kuliko kumbukumbu.

Ni nini kisichochanganywa nazo?

Pombe, na dawa za maumivu za kundi la opioidi kama mofini, kodeini na tramadoli. Benzodiazepini pekee mara chache humuua mtu mzima mwenye afya. Zikichanganywa na hivyo, pumzi hupungua usingizini hadi ikakoma. Mtu aliyezimeza na haamshiki, au anapumua polepole na kwa kukoroma kusiko kwa kawaida, ni wa dharura. Asiachwe “alale mpaka zimwishe”. Vilevile usiendeshe gari ukiwa na usingizi wa dawa, hata asubuhi yake.

Wazee na wajawazito wana tahadhari gani?

Mzee hukawia kuiondoa dawa mwilini, hivyo hujikusanya, na athari yake huonekana katika kuanguka, kuvunjika nyonga na kuchanganyikiwa ambako familia hukudhania ni uzee. Mtoto ambaye mama yake alizitumia mwishoni mwa ujauzito anaweza kuzaliwa akiwa mlegevu na asiyenyonya vizuri. Mjamzito anayezitumia tayari azungumze na daktari mapema, wala asizitupe kwa hofu, kwa sababu zilizotajwa juu.

Kuna tiba nyingine?

Zipo, na kwa wasiwasi wa muda mrefu ndizo zinazotangulizwa. Dawa kama setralini na esitalopramu, zinazotumika pia kwa sonona, huchukua wiki 2 hadi 6 kufanya kazi. Haziamshi tamaa ya kuzidisha dozi, ingawa nazo huachwa kwa kupunguzwa. Propranololi hutuliza mapigo ya moyo na mtetemo kwa mwenye hofu ya kusimama mbele ya watu, lakini haimfai mwenye pumu.

Tiba ya mazungumzo inayolenga fikra na mienendo ina ushahidi mzuri. Ndani yake mgonjwa hukabiliana na anachokiogopa hatua kwa hatua, mpaka mwili ujifunze kwamba hofu hupanda na kushuka yenyewe. Anayemeza kidonge kabla ya kila zoezi hukosa somo hilo, kwa kuwa huamini kilichomwokoa ni kidonge. Kwa hiyo mweleze mshauri wako unachotumia kabla hamjaanza.

Vidonge vilivyobaki nivifanyeje?

Virudishe famasi. Usimpe jirani anayelalamika kukosa usingizi, na usiviweke kando ya kitanda “kwa usiku mbaya”, hasa kama nyumbani kuna mtoto, au mtu aliyewahi kufikiria kujiua.