Nyaraka rasmi si za mabingwa peke yao

Nimeletewa tena lile lile: "Kaka, Python imekosea hesabu." Kijana anayejifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kaandika round(2.5), amri ya kukadiria namba, kapata 2, na video aliyojifunzia ilionyesha 3. Nikamuuliza kama amefungua nyaraka rasmi, yaani maelezo yanayotolewa na watengenezaji wa Python wenyewe. Akanijibu kwamba zile ni za mabingwa, wanaoanza hujifunza kwa video. Jibu hili nimechoka nalo, maana linawapotezea vijana muda mwingi mno.

Maelezo ya round hayafiki hata ukurasa mmoja. Yanasema wazi: namba ikiwa katikati kabisa, inakadiriwa kuelekea namba shufwa. Basi 2.5 inakuwa 2, na 3.5 inakuwa 4. Katika Python 2 ungepata 3.0, utaratibu ulibadilika Python 3 ilipotoka mwaka 2008. Kwa hiyo angalia kwanza toleo lako la Python kwa kuandika python3 --version kwenye terminal, kisha chagua toleo hilo hilo juu ya ukurasa wa nyaraka.

Kinachoniudhi hasa ni hatua inayofuata. Mtu akishajua habari ya shufwa, anaitumia kueleza kila kitu. Anaona round(2.675, 2) inatoa 2.67, anasema, "Ni shufwa tu." Hapana! Ingekuwa shufwa, jibu lingekuwa 2.68, kwani 8 ndiyo shufwa, 7 ni witiri. Sababu ni nyingine: 2.675 haiandikiki kikamilifu kwa sifuri na moja, ambazo kompyuta huhifadhia namba. Andika kwanza from decimal import Decimal, kisha chapa Decimal(2.675) uone kilichohifadhiwa: 2.67499999999999982 na tarakimu nyingine nyingi nyuma yake. Haiko katikati, iko chini. Hilo nalo limeandikwa pale pale chini ya round, pamoja na onyo kwamba si hitilafu.

Ukitengeneza programu ya duka au ya kikoba, tumia Decimal('2.675'), inayohifadhi desimali kama ulivyoiandika, pamoja na ROUND_HALF_UP, kanuni ya kupandisha namba iliyo katikati. Alama za nukuu usiziache. Ukiziacha, umeingiza ile ile namba pungufu.

Wa wiki ya kwanza aanzie wapi? Hapo bado nasitasita. Kiingereza cha nyaraka ni kizito, na kumwona mtu akichapa na kurekebisha kunasaidia kweli. Ila video haikuambii kilichobadilika baada ya kurekodiwa.

Wasiwasi wa bando usikuzuie: nyaraka zote za Python zinapakuliwa mara moja, ukasoma bila intaneti. Kuna pia help(round) ndani ya Python yenyewe, lakini ni fupi mno na haigusii shufwa kabisa. Pakua zile ndefu.