Kwa nini faili inayogombaniwa na wengi huja upesi zaidi?

Kila Aprili na kila Oktoba hutoka toleo jipya la Ubuntu, mfumo wa kompyuta usiotozwa hata senti. Siku hiyo wanafunzi wa Chiromo na mafundi wa Luthuli hapa Nairobi, na watu wasiohesabika ng'ambo, wanaitaka faili ile ile kwa saa zile zile. Ungedhani ndiyo siku mbaya kabisa ya kuipakua. Kwa anayetumia torenti, yaani njia ya wapakuaji kugawiana vipande vya faili wao kwa wao, ndiyo siku nzuri. Akija kuitafuta miaka kadhaa baadaye, wakati hakuna tena mwenye haja nayo, huenda akakesha nayo.

Tumezoea kinyume chake. Mabomba ya mtaa yakikauka Kawangware, kila mtungi unaoongezwa kwenye foleni ya kibanda cha maji unawachelewesha walio nyuma, kwa sababu bomba ni moja. Seva ya kawaida, yaani kompyuta moja inayomgawia kila mtu faili, ni bomba hilo. Kwenye torenti, kila anayeteka huanza kummiminia mwenzake hata kabla mtungi wake haujajaa nusu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua faili ya gigabaiti 5 na seva inayotoa gigabiti 1 kwa sekunde. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo nakala moja inachukua sekunde 40. Watu 1,000 wakiitaka, seva peke yake inahitaji zaidi ya saa 11. Wakiwa 10,000, ni zaidi ya siku nne na nusu. Sasa mwambie kila mmoja wao achangie megabiti 10 tu kwa sekunde kutoka kwenye laini yake ya nyumbani. Wale 1,000 wanamaliza kwa saa moja hivi. Na wale 10,000? Saa moja na dakika sita. Hiyo ni hali isiyo na kasoro, ambayo mtandao halisi haufikii, lakini mwelekeo ndio huo. Mwaka 2004 Dongyu Qiu na R. Srikant wa Chuo Kikuu cha Illinois walitunga modeli ya kihesabu ya mtandao wa namna hii, wakaonyesha kwamba wastani wa muda wa kupakua hautegemei wingi wa watu wanaoingia. Waje kumi, waje elfu, muda ni karibu ule ule.

Hesabu hiyo inasimama juu ya neno moja: "achangie". Na hapo ndipo watafiti walipopata kazi ya miaka mingi.

Mwaka 2000, baada ya Napster kuuonyesha ulimwengu kwamba watu wa kawaida wanaweza kugawiana faili kompyuta kwa kompyuta, ulitokea mtandao mwingine ulioitwa Gnutella. Wenyewe waliusifu kwamba hauna bwana wala kituo. Mwaka huo huo Eytan Adar na Bernardo Huberman wa maabara ya Xerox PARC, Marekani, waliuchunguza kwa kupima, si kwa kusimulia. Walikuta karibu asilimia 70 ya watumiaji hawagawi faili hata moja. Karibu nusu ya majibu yote yaliyokuwa yakirudi kwa waliotafuta faili yalitoka kwa asilimia 1 tu ya wanaogawa. Kwa maneno mengine, mtandao uliojisifu kuwa wa wote ulikuwa umebebwa na wachache, nao wachache hao wangechoka siku moja. Ukiniuliza, huo ndio utafiti uliobadilisha uwanja huu kuliko mwingine wowote, maana uliondoa dhana kwamba watu watagawa kwa wema tu.

Mwaka uliofuata, 2001, mwandishi wa programu aitwaye Bram Cohen alitoa BitTorrent. Hakuwahubiria watu. Aliandika programu inayofuata kanuni ya nipe nikupe, na mwaka 2003 akaieleza kwenye makala ya kitaaluma. Faili hukatwa vipande vidogo, mara nyingi vya robo megabaiti kwa wakati ule. Kompyuta yako huunganishwa na wenzako kadhaa, lakini kwa kawaida huwatumia vipande wanne tu kwa wakati mmoja: wale wanaokutumia kwa kasi kubwa zaidi. Kila sekunde 10 inapiga hesabu upya. Aliyelegea anafungiwa bomba, mwingine anachukua nafasi yake. Mkono mtupu haulambwi.

Basi mgeni, ambaye hana hata kipande kimoja, ataanzaje? Fungua programu ya torenti kwenye kompyuta yako na uangalie orodha ya wenzako, ule ukurasa wenye namba za anwani, vibendera vya nchi na asilimia ya kila mmoja. Mwanzoni umeunganishwa na watu thelathini na kasi ni sifuri. Wengi hudhani intaneti imekufa, wakaenda kuizima ruta na kuiwasha tena, jambo ambalo halisaidii kitu. Kinachoendelea ni kwamba huna cha kutoa, hivyo hakuna aliye na sababu ya kukuchagua. Lakini Cohen aliacha mlango mdogo: kila sekunde 30, kila kompyuta humfungulia bomba mtu mmoja kwa kubahatisha, bila kujali ametoa nini. Ukiangukiwa na bahati hiyo, kipande chako cha kwanza kinaingia. Unakigawa, unalipwa kingine, na ndani ya dakika chache namba zinapanda zenyewe. Mlango huo unamfaa hata anayeufungua, kwa sababu huenda mgeni huyo akawa na laini nzuri kuliko wale wanne wa zamani.

Kuna kanuni ya pili ambayo mimi naiona ya kijanja zaidi. Programu haipakui faili kuanzia mwanzo hadi mwisho. Inatazama ni kipande gani kinamilikiwa na watu wachache zaidi kwenye kundi, ikakitafuta hicho kwanza. Ukipenda kutazama video huku ikiendelea kushuka, utaratibu huu utakuudhi. Lakini bila huo, kila mtu angekuwa na vipande vile vile vya mwanzo, hakuna ambaye angekuwa na kitu anachokihitaji mwenzake, na biashara ya kubadilishana ingekwama. Zaidi ya hayo, mwenye faili nzima akizima kompyuta yake akaenda kulala, kipande kilichokuwa kwake pekee kinatoweka. Ukiona torenti ya zamani imegota kwenye asilimia 98 kwa siku tatu, hilo ndilo lililotokea. Wote mliobaki mna asilimia 98 ile ile. Kipande cha kwanza kabisa tu ndicho huchaguliwa kwa kubahatisha, kwa kuwa kipande adimu huja polepole na mgeni anahitaji cha kuanzia haraka.

Swali la kawaida hapa ni: nitaaminije vipande kutoka kwa watu nisiowajua? Huwaamini. Ile faili ndogo ya torenti hubeba hashi ya kila kipande, yaani namba ndefu inayokokotolewa kutoka kwenye data yenyewe. Badilisha biti moja na namba yote inageuka. Kipande kikiingia, kompyuta yako inakikokotoa. Kisipolingana kinatupwa na kuombwa upya. BitTorrent ya awali ilitumia hashi ya SHA-1, ambayo mwaka 2017 watafiti wa Amsterdam na Google walionyesha kwamba inaweza kughushiwa, ndiyo maana toleo la pili likahamia SHA-256. Lakini kumbuka hashi inathibitisha kwamba umepata kile alichokiweka mwenyewe. Kama alichokiweka ni virusi, utapata virusi visivyopungua hata biti moja.

Je, nipe nikupe inafanya kazi kweli? Wasomi walilivamia swali hili kwa furaha isiyofichika. Mwaka 2006 kundi la ETH Zurich liliandika programu iitwayo BitThief, isiyotoa chochote kabisa, na bado ilipakua faili kwa kuvizia ile bahati nasibu ya sekunde 30. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington wakaja na BitTyrant, yenye hila nyingine: inampa kila mwenzake kiasi kile kidogo kabisa kinachotosha kumridhisha, kisha inapeleka kinachobaki kwa mwingine. Ikawashinda watumiaji waaminifu kwa kasi. Kwa upande mwingine, Arnaud Legout na wenzake nchini Ufaransa walikuwa wamepima torenti halisi mwaka 2006, wakahitimisha kwamba kanuni za Cohen zinatosha kwa kazi iliyokusudiwa. Nionavyo, wote wana haki. Mjanja anaweza kuiba, lakini watu wengi hawabadilishi programu waliyoipata, na programu hiyo imeandikwa kutoa.

Nairobi ina tatizo lake, nalo si la uchoyo. Wengi wetu tunaingia mtandaoni kwa bando za simu. Kila megabaiti unayomtumia mwenzako inakatwa kwenye bando lako sawa na ile uliyopokea, kwa hiyo kugawa kuna bei ya shilingi. Tena kampuni za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti. Wewe unaweza kuanza mazungumzo na kompyuta ya nje, lakini ya nje haiwezi kukubishia hodi. Wawili walio katika hali hiyo, hata wakiwa kwenye ploti moja Zimmerman, hutaabika kuunganishwa. Mwenye faiba yuko katika nafasi bora.

Na hata mkiunganishwa, jirani wa mtandao si lazima awe jirani wa mtaa. Kabla ya kuwapo kituo cha kubadilishana data nchini, KIXP, barua pepe kutoka kwa mteja wa kampuni moja ya intaneti hapa jijini kwenda kwa mteja wa nyingine ilipaa hadi setilaiti, kilomita 36,000 hivi juu, ikatua Ulaya au Marekani, kisha ikarudi. KIXP ilianza Novemba 2000. Muda mfupi baadaye mdhibiti wa mawasiliano aliamuru ifungwe, baada ya Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wa mawasiliano ya nje, kulalamika. Ikafunguliwa tena Februari 2002. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya shirika la Internet Society mwaka 2012 ulikuta kwamba safari ya data ya ndani ilikuwa imeshuka kutoka milisekunde 200 hadi 600, ikawa milisekunde 2 hadi 10. Uliofuata, wa mwaka 2020, ulionyesha kwamba sehemu ya data inayopatikana humu humu nchini ilikuwa imepanda kutoka asilimia 30 hivi hadi 70.

Kwa torenti hili ni jambo kubwa, lakini kuna kikwazo kimoja: BitTorrent ya kawaida haijui ramani. Inaweza kukupangia wenzako wa Brazili na Poland huku aliye Roysambu mwenye faili nzima akikaa bure. David Choffnes na Fabián Bustamante wa Chuo Kikuu cha Northwestern walilitatua kwa njia ya mkato mwaka 2008. Mitandao mikubwa ya kusambaza maudhui tayari hupima kila mara na kumwelekeza mtu kwenye seva iliyo karibu naye. Basi, kompyuta mbili zikielekezwa kwenye seva zile zile, kuna uwezekano mkubwa kwamba ziko karibu. Programu yao ya nyongeza, Ono, haikuhitaji kuiuliza kampuni ya intaneti chochote.

Kuhusu sheria, kwa kifupi: teknolojia yenyewe haina hatia. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na kusambaza filamu ya mtu bila ruhusa ni kosa, iwe kwa torenti au kwa kunakiliwa kwenye flashi River Road. Anayetumia torenti anapaswa kujua jambo moja zaidi: yeye hapakui tu, anasambaza pia, na anwani yake inaonekana na kila aliye kwenye kundi. Upande wa halali ni mpana. Academic Torrents, tovuti iliyoanzishwa mwaka 2013 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts mjini Boston, husambaza kwa njia hii data za utafiti ambazo ukubwa wake ungeizidi seva ya idara yoyote.

Na huenda unaitumia kanuni hii bila kujua. Windows 10 na 11 zina mpangilio, ndani ya sehemu ya masasisho, unaoruhusu kompyuta kuchukua vipande vya sasisho kutoka kwa kompyuta nyingine. Kwa shule ya Eastlands yenye maabara ya mashine 30 na ruta moja ya bando, sasisho la gigabaiti 1 likipakuliwa na kila mashine kivyake ni gigabaiti 30. Zikigawiana, kinachopita kwenye bando kinaweza kushuka karibu na gigabaiti ile moja, na mengine yanazunguka humo humo ndani ya chumba. Ila chagua zile kompyuta za mtandao wa ndani pekee. Chaguo la pili linajumuisha kompyuta za intaneti nzima, na ukiliacha wazi, bando la shule litakuwa likiwasasishia watu wasiojulikana mashine zao.