Skuta ya mapigo mawili: maana yake na namna ya kuikagua

Injini ya mapigo mawili hukamilisha kazi yake yote, yaani kuvuta hewa na petroli, kuvibana, kuvichoma na kutoa moshi, katika mzunguko mmoja tu wa shafti, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, pistoni ikipanda mara moja na kushuka mara moja. Injini ya mapigo manne, ambayo ndiyo iliyomo katika bodaboda nyingi za Kampala, huhitaji mizunguko miwili. Ile ya mapigo mawili ya skuta haina valvu za kichwani kama zile za mapigo manne: pistoni yenyewe hufungua na kuziba matundu yaliyo ubavuni mwa silinda, na mchanganyiko wa hewa na petroli hupitia kwanza katika chumba cha shafti kabla ya kusukumwa juu.

Kwa kuwa chumba hicho ni njia ya hewa, hakiwezi kuwekwa oili ya kukaa humo; oili huchanganywa na petroli na kuungua nayo. Kwa skuta nyingi za zamani za Vespa kipimo ni asilimia 2, yaani mililita 20 kwa lita, hivyo chupa ya soda ya mililita 300 hutosha lita 15.

Hapa ndipo mnunuzi aliyezoea bodaboda anapokosea, kwani akiona moshi wa buluu hukata shauri kwamba ringi zimekwisha. Katika skuta hii, moshi mwembamba wa buluu wakati wa kuwasha si ugonjwa. Wa kutiliwa shaka ni moshi mweupe, mzito, usiokoma hata injini ikishapata moto, hasa kama oili ya giaboksi inapungua bila kuvuja nje: sili ya shafti (mpira unaozuia kuvuja) upande huo imekufa na injini inainywa. Sili ya upande wa pili ikichakaa, hewa hupenya isikotakiwa, injini huendelea kunguruma kwa kasi ingawa umeachia mafuta, na mwishowe pistoni huweza kukwama kwa joto. Ndiyo maana mimi hutanguliza sili; rangi na kiti ni baadaye.

Gusa injini kabla ya kuiwasha. Ikiwa na joto, muuzaji amekutangulia kuiwasha, nawe subiri ipoe. Sukuma kiki taratibu kwa mkono, nayo ikupinge. Fungua plagi: rangi ya kahawia ni njema, nyeusi yenye majimaji huonyesha petroli au oili kupita kiasi, nyeupe huonyesha hewa imezidi. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kabureta (kifaa kinachochanganya hewa na petroli) iliyorekebishwa pwani huweza kuisingizia injini isiyo na kasoro plagi nyeusi.

Kisha panda nayo kilima cha Kololo ukiwa umempakia mtu. Ikikosa nguvu, huenda ni ekzosi iliyoziba masizi tu, kazi ndogo kwa fundi. Wakati wa kushuka, usiachie mafuta kwa muda mrefu huku gia imeingia, kwa maana petroli ikikatika, oili nayo imekatika.