Baiskeli kwenye njia za mashambani Ujerumani: watu wanavyodhani na mambo yalivyo

Mtu akisikia Ujerumani, kinachomjia haraka ni Autobahn, zile barabara kuu za mwendo kasi, viwanda na magari ya bei mbaya. Mwambie unaweza kushinda siku nzima huko juu ya baiskeli, kwenye njia za changarawe za mashambani na misituni, ukipishana na magari mawili matatu tu, atadhani unamtania. Akishaamini, anaruka upande wa pili: basi serikali ya huko imewachongea waendesha baiskeli njia zao wenyewe, laini, tupu, za kujiachia. Dhana zote mbili ni potofu, na hiyo ya pili ndiyo inayowatia watu matatani.

"Njia hizi zilijengwa kwa ajili ya baiskeli"

Hapana. Zilijengwa kwa ajili ya trekta, lori la magogo, watumishi wa mifereji na, kwingine, askari wa doria. Mwendesha baiskeli ni mgeni, na mgeni hujiuliza kwanza mwenye nyumba ni nani.

Chukua mashamba. Sehemu kubwa ya kusini na magharibi mwa Ujerumani, watoto waligawana ardhi ya baba sawa kwa sawa kizazi baada ya kizazi, hadi familia moja ikawa na vipande kibao vilivyotawanyika, kama tunavyoona leo Kisii au kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Mwaka 1953 Ujerumani Magharibi ilipitisha sheria ya kuunganisha mashamba. Vipande vilibadilishanwa, mipaka ikachorwa upya, na mashamba yakapewa njia za kupitisha mashine. Ndiyo maana ukitoka kijiji chochote cha Hesse au Franconia unakuta vinjia vinaelekea kila upande, vingine vya kokoto zilizoshindiliwa, vingine vya zege au lami nyembamba. Havikukusudiwa kukufikisha mjini. Kimoja kitakupeleka hadi kijiji cha pili, kingine kitaishia katikati ya ngano, na hapo hakuna wa kumlaumu.

"Gari haliruhusiwi, kwa hiyo baiskeli inaruhusiwa"

Si lazima. Jifunze mabango mawili. La duara lenye picha ya pikipiki juu ya gari linakataza vyombo vya moto tu, wewe pita. La duara jeupe lenye ukingo mwekundu, tupu katikati, linakataza kila chombo, baiskeli ikiwemo. Hapo unashuka na kuikokota. Chini yake mara nyingi kuna kibao kidogo, "Landwirtschaftlicher Verkehr frei", yaani shughuli za kilimo ruksa. Huyo si wewe. Unachotafuta ni kibao chenye picha ya baiskeli na neno "frei".

Na kuruhusiwa si sawa na kuwa peke yako. Kuanzia Septemba, viazisukari vikianza kung'olewa, trekta zenye trela zinapishana shambani na kumwaga tope njiani. Njia ni nyembamba, trekta ni pana. Shuka kwenye majani, inua mkono, ipite. Mkulima yuko kazini, wewe uko mapumzikoni.

"Msitu ni mali ya mtu, usiingie"

Karibu nusu ya misitu ya Ujerumani ni ya watu binafsi, hilo ni kweli. Lakini sheria ya misitu ya mwaka 1975 inamruhusu yeyote kuingia msituni kupumzika, na baiskeli zinaruhusiwa mradi zibaki barabarani na njiani. Kila jimbo lina masharti yake juu ya hapo. Baden-Württemberg, kwenye Msitu Mweusi, njia ya msituni yenye upana chini ya mita 2 kwa kawaida si yako.

Binafsi naona barabara za misitu ndizo bora kuliko zote. Zinabeba malori ya magogo yenye uzito wa hadi tani 40, kwa hiyo zimepangwa mawe tabaka kwa tabaka, zimeinuliwa kidogo katikati ili maji yatiririkie pembeni, na tairi inazipenda. Shida ni siku ya kukata miti. Ukikuta utepe mwekundu na mweupe umefunga njia, zunguka, hata kama ni Jumapili na husikii msumeno: mti uliokatwa nusu unaweza kuwa umeegemea mwenzake. Kule kwenye milima ya Harz, baada ya ukame ulioanza 2018, wadudu wa magome waliua miti mlima kwa mlima, na mingine ilikauka ikiwa bado imesimama. Usilie chakula chini yake.

"Fuata reli ya zamani, utapata changarawe"

Utapata lami. Reli nyingi zilizong'olewa zimegeuzwa njia za baiskeli zenye mteremko wa upole, na zimewekwa lami ili familia nzima ipite. Vennbahn, kilomita 125 kutoka Aachen hadi Troisvierges huko Luxembourg, ni ya namna hiyo. Nzuri sana, na ina kichekesho chake: baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia tuta la reli lilipewa Ubelgiji, kwa hiyo hadi leo kuna vipande vitano vya Ujerumani vilivyozungukwa na ardhi ya Ubelgiji. Anayetaka changarawe tambarare na aangalie njia za huduma kando ya mifereji. Mfereji wa Mittelland una kilomita 325, na kando yake unapita kwa dhamana yako mwenyewe.

"Mpaka wa zamani ni njia moja ndefu iliyonyooka"

Mpaka uliotenganisha Ujerumani mbili, karibu kilomita 1,400 kutoka Bahari ya Baltiki hadi Chekia, leo ni ukanda wa hifadhi. Wazo hilo lilipitishwa na wanamazingira mjini Hof Desemba 1989, mwezi mmoja tu baada ya Ukuta wa Berlin kufunguliwa. Njia ya doria bado ipo sehemu nyingi, na picha zake zinavutia: mistari miwili ya zege inapotelea kilimani, hakuna nyumba wala gari.

Picha haikuonyeshi matundu. Mabamba yale ya zege yametobolewa safu kwa safu, na tairi ya mbele inagonga kila ukingo, du-du-du-du, hadi vidole vinakufa ganzi na chupa ya maji inaruka kwenye kishikio chake. Majani yameota ndani ya matundu, kwa hiyo huyaoni vizuri. Na waliochora mpaka hawakujali mwinuko, njia inapanda kilima wima na kushuka wima. Punguza upepo kwenye tairi, jaribu majani ya katikati kama yamekatwa, na usijipangie kilomita nyingi.

"Tambarare ni rahisi"

Waulize waliokwenda Brandenburg, jimbo linalotaniwa tangu enzi za wafalme kuwa sanduku la mchanga. Baada ya wiki kavu, njia za misonobari zinameza tairi, unakokota. Siku moja baada ya mvua, njia ileile inapitika vizuri. Lüneburger Heide, nyika ya mchanga kaskazini mwa nchi, ni hivyohivyo: kijiji cha Wilsede hakiingii magari ya watalii, watu wanafika kwa miguu, kwa baiskeli au kwa gari la farasi, na kwato hizo ndizo zinazovuruga mchanga.

Ramani inasaidia kiasi. OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, hupanga njia za mashamba na misitu kwa madaraja, la 1 likiwa gumu kabisa na la 5 likiwa udongo laini au majani. Lenga la 2 na la 3. Ila daraja liliandikwa na mtu wa kujitolea siku aliyopita yeye, huenda kulikuwa kukavu.

"Inataka baiskeli ya pesa nyingi"

Inataka tairi lenye upana wa milimita 40 au zaidi na breki zinazoshika. Na anayesema huu ni mchezo wa Wazungu hamjui marehemu Suleiman Kangangi, Mkenya aliyeendeshea timu ya Bike Aid ya jimbo la Saarland, Ujerumani, kabla ya kuhamia mashindano ya changarawe, ambako alifariki mwaka 2022 huko Vermont, Marekani.

"Lazima uwe na gari la kukufikisha"

Treni za mikoani zinabeba baiskeli. Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya usafiri wa mijini na mikoani nchi nzima iliyoanza Mei 2023, kwa kawaida ni yako peke yako, baiskeli unaikatia tiketi yake. Epuka saa za watu kwenda na kutoka kazini: behewa likijaa, viti vya magurudumu na vigari vya watoto vinatangulia, nawe unangoja treni inayofuata.