Grafu ilipendeza, bahari haikuwa hivyo

Nilikaa nyuma ya darasa katika skuli moja ya pwani, Kaskazini Pemba, wanafunzi wakiwasilisha mradi wao wa maji kujaa na kupwa. Kwa siku 14, kila saa 4 asubuhi, walikwenda gatini kusoma kina kwenye nguzo waliyoitia alama. Vipimo wakaviingiza kwenye kishikwambi, programu ikawachorea mstari laini wenye kilima kimoja katikati. Wakahitimisha kwamba bahari hujaa mara moja kila wiki mbili, na kwamba wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, maji huwa machache tu.

Hao ni watoto wa wavuvi. Mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona jana alasiri maji yalifika kwenye mikoko?" Mwalimu, ambaye kishikwambi anakijua kuliko mimi, akaitazama skrini, kisha akasema grafu haikosei.

Kweli haikukosea; ilichora ilichopewa. Maji ya pwani zetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa takriban saa 24 na dakika 50, kwa hiyo kila siku huchelewa kama dakika 50. Ukipima saa ile ile, leo utayakuta yamekauka, na baada ya wiki utayakuta yamejaa. Walichokichora ni huko kuchelewa. Tena siku za bamvua, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4, maji huku kwetu hukauka karibu na saa 4 asubuhi. Saa hiyo waliichagua kwa kuwa ndiyo ya mapumziko.

Mwaka 1986 Lee Shulman, mtaalamu wa elimu wa Marekani, alieleza kwamba kulijua somo hakutoshi, wala kujua kufundisha kwa jumla. Mwalimu anahitaji ujuzi wa kulifundisha somo hilo hasa, pamoja na kujua wanafunzi hukwama wapi. Mwaka 2006 Punya Mishra na Matthew Koehler wakaongeza teknolojia: chombo, somo na ufundishaji vijulikane kwa pamoja, kwa sababu kila kimoja hubadilisha vingine. Wataalamu huuita ujuzi huo TPACK, kifupi cha Kiingereza cha ujuzi wa teknolojia, ufundishaji na somo. Semina zetu nyingi za walimu, na zangu za mwanzo zimo, hufundisha wapi pa kubonyeza. Mwalimu anarudi skuli na cheti, na swali la kupima lini na mara ngapi halijaguswa.

Tulirudia mradi siku mbili baada ya mwezi mpevu. Wanafunzi walipokezana zamu gatini pamoja na mtu mzima, wakipima kila saa kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni. Kabla ya kugusa kishikwambi, kila mmoja alichora kwa penseli anavyodhani mstari utakuwa. Hatua hiyo siiachi hata vishikwambi vikiwepo 40, maana mkono ukishachora, jicho huuliza maswali mbele ya skrini. Skuli yenye simu moja tu ya mwalimu inaweza mradi huu vilevile.

Safari hii mstari ulishuka, ukapanda, ukaanza kushuka tena. Nukta ya saa 8 mchana peke yake ilikaa chini ya mstari. Wakabishana nani alikuwa zamu, mpaka mwenyewe akakiri kwamba alisoma alama wimbi liliporudi nyuma.